Watu wa Sakafuni

Mchana wa Alhamisi, watoto wakiwa hawajarudi, Jorunn aliwalaza wote wawili kwenye sakafu ya sebule. Kwanza Vetle, wa miaka saba, karibu na jiko la kuni. Kisha Eirill, wa miaka minne, upande wa dirisha. Fulana ya sufu chini kabisa, juu yake sweta, juu ya sweta ovaroli. Suruali ya ndani akaichomeka kwenye miguu ya ovaroli, soksi akaziweka mahali pa nyayo, kofia mahali pa kichwa. Alipomaliza alisimama akawatazama. Walikuwa bapa, hawana nyuso, na walikuwa wakubwa kidogo kuliko watoto wenyewe, maana katika nyumba ile nguo za baridi zilinunuliwa za kukulia.

Hivyo ndivyo nguo za mlimani zilivyofungashwa katika ukoo wa mumewe. Hazikutoka kabatini zikaingia begini. Zilitandazwa kwanza zikawa mtu, mtu akaangaliwa kama ametimia, ndipo akakunjwa. Mama mkwe wake, Gunnvor, aliwaita watu wa sakafuni. "Mtu wa sakafuni akitimia," alikuwa akisema, "mtoto atarudi ametimia." Naye ndiye aliyetandaza miaka yote tangu Jorunn aolewe katika bonde la Numedal. Jorunn alikuwa mpitisha nguo tu: nipe soksi, nipe glavu, si hiyo, ile nyingine. Majani yalipopukutika mwaka uliopita, Gunnvor alikufa asubuhi moja mezani, kikombe cha kahawa mkononi, na kahawa haikumwagika. Hii ilikuwa likizo ya kwanza ya theluji bila yeye.

Mumewe, Halvard, alikuwa fundi wa nyaya za umeme, na zamu yake ilimbana hadi Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi Jorunn angepanda mlimani peke yake na watoto, akae nao siku mbili kwenye kibanda cha ukoo, mahali ambapo barabara inaisha na nyumba ya jirani haionekani. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Kila alipofikiria zile siku mbili, alijiuliza swali lile lile. Angewapandisha wawili, je, angewateremsha wawili?

Kazi yake ilikuwa kaunta ya posta ndani ya duka la kijijini. Kufunga vifurushi alijua kuliko mtu yeyote bondeni. Angekufungia glasi ya babu yako ikafika ng'ambo ya dunia ikiwa nzima. Lakini alizaliwa Karmøy, kisiwani, ambako watu huijua mvua inayokuja kwa ubavu, na theluji huja asubuhi ikaondoka kabla ya chakula cha mchana. Mlima hakuuelewa. Aliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yake, Åslaug, dada wa Halvard, aliyeolewa mji wa chini.

"Unafungasha, wifi?"

"Nafungasha."

"Usisahau kofia. Nyie watu wa pwani mnadhani kichwa ni cha kuoteshea nywele tu."

"Na nyie wa bondeni mnadhani bahari ni ziwa lililokosa adabu."

Åslaug akacheka, kicheko kile kile cha mama yake, kifupi, kama mtu anayevunja kijiti. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umewatandaza?"

"Nimewatandaza."

"Mkono juu?"

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Mama alikuwa akiuinua hivi, kama mtoto anayejua jibu darasani."

Jorunn akaitazama sakafu. "Mimi nimeuweka chini. Ukiwa juu unanitisha."

"Hata mimi ulikuwa unanitisha," Åslaug akasema. "Lakini tuliambiwa laleni, tukalala. Tuliambiwa itikeni, tukaitika. Ya nini, hatukuuliza. Mama yule humuulizi mara mbili, unamjua."

Alimjua. Kuitika ndiko kulikokuwa kumemfarakanisha kidogo na mama mkwe, kama neno farakana linafaa kwa watu ambao hawakupaziana sauti hata siku moja. Gunnvor, akimaliza kutandaza, alikuwa akimwambia mtoto alale juu ya mtu wake, mkono wa kulia juu, macho darini, kimya. Kisha yeye bibi anakwenda kusimama jikoni, asipoonekana, anaanza kuita nguo moja moja, kuanzia ya ndani. Fulana! Na mtoto anaitika pale sakafuni bila kusogea: Ipo! Soksi! Zipo! Hadi glavu, ambazo zilikuwa za mwisho. Wageni waliona ni mchezo mzuri. Jorunn alikuwa akitoka nje.

Maana yeye alipokuwa mdogo kule Karmøy, ndugu wa baba yake, Leiv, alikwenda na mashua asirudi. Kilichorudi ni mfuko wa nguo zake za akiba, ulioletwa na maji. Bibi yake Jorunn alizifua chumvi ikatoka, akazitandaza sakafuni jikoni zikauke, kwa sababu sufu haianikwi kwenye kamba ikavutika. Sweta, mikono imepanuliwa. Suruali. Soksi za baharini. Kwa siku kadhaa familia nzima ilikula ikimzunguka Leiv. Jorunn alikanyaga mkono wa sweta kwa bahati mbaya akachapwa kofi, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Tangu hapo, nguo zilizolala kwa umbo la mtu zilikuwa kwake ni mtu ambaye hatarudi.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita alimwomba mama mkwe aache kuwalaza watoto. Gunnvor alimtazama kwa muda, sindano za kufumia zimetulia mapajani. "Haya," akasema. "Ila uwafundishe kitu kingine badala yake." Jorunn akaitikia ndiyo, mama. Hakuwafundisha kitu. Hakujua hata kilichokuwa kikifundishwa.

Alikwenda kuwachukua watoto shuleni na chekechea, akarudi nao, wakavua buti mlangoni kwa kelele. Alikwenda kutia viazi motoni. Aliporudi sebuleni, mtu wa Eirill alikuwa ameinua mkono wa kulia.

"Vetle, umegusa nguo?"

"Si mimi."

"Eirill?"

"Yuko msalani, anaimba. Humsikii?"

Alimsikia. Akainama akaurudisha mkono chini, akaukandamiza kwa kiganja kama mtu anayefunga bahasha. Ovaroli ilikuwa na joto. Alijiambia ni jiko.

Jioni ile alichoka, na mabegi yalikuwa bado juu darini. Gunnvor hakuwahi kuwaacha watu wa sakafuni walale hadi asubuhi. "Asije akazoea kulala bila mwenyewe," alikuwa akisema, huku akikunja haraka haraka kabla taa haijazimwa. Jorunn aliukumbuka usemi ule, akaona ni maneno ya kizee, akawaacha.

Asubuhi alishuka kuwasha jiko. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa buluu, ule wa kabla ya jua kuvuka mlima. Mtu wa Vetle alikuwa bapa kama alivyomwacha. Mtu wa Eirill alikuwa amejaa. Alikuwa na kifua. Chini ya kofia kulikuwa na uso, na macho yalikuwa wazi, yametazama dari.

"Eirill!"

Hakuna.

"Eirill! Eirill!"

Macho hayakupepesa. Jorunn alipiga magoti akamshika shavu, na shavu lilikuwa baridi kama kijiko, na mdomo ukafunguka.

"Mama, umeharibu. Mtu wa sakafuni haitiki jina."

Jorunn alimtoa ndani ya ovaroli kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia. "Mimi nikikuita, unaitika! Umesikia? Mimi ni mama yako, nikikuita jina unaitika na unakuja!"

"Ukiita nguo nitaitika."

"Nani amekwambia hayo?"

"Bibi."

"Lini?"

Mtoto akafikiri, akiwa amening'inia mikononi mwa mama yake. "Kila siku," akasema.

Jorunn hakuuliza zaidi. Alielewa kwamba mama mkwe hakuwa ameacha. Alikuwa ameendelea kimyakimya, saa zile yeye akiwa kaunta. Hilo ndilo alilochagua kuelewa. Lakini Bibi alikuwa chini ya theluji ya makaburini tangu kabla ya Krismasi, na mtoto alikuwa amesema kila siku, hakusema zamani.

Ijumaa alasiri alikuwa akipakia chakula garini: jibini ya kahawia, mikate, maziwa, mfuko wa machungwa, maana likizo ya theluji bila machungwa watoto wangeihesabu kuwa ni adhabu. Hakukaa nje sana. Alipoingia na mashavu mekundu, watoto walikuwa wamekaa kwenye kochi wakimenya chungwa, wametulia kupita kiasi. Sakafuni walikuwa watatu.

Wa tatu alikuwa mtu mzima. Alikuwa katikati ya wale wadogo. Suruali ya Gunnvor ya mlimani, ile inayofungwa chini ya goti. Soksi zake nene za kijivu. Sweta lake jekundu lenye vifungo vya bati. Mahali pa shingo palizungushwa skafu ndogo ya buluu. Mkono wa kulia ulikuwa juu. Na mikono ya watu wadogo, mmoja kila upande, ilikuwa imevutwa hadi ikalala juu ya sweta jekundu.

"Nani amemlaza huyu?"

"Bibi naye anakwenda," akasema Eirill, mdomo umejaa chungwa.

"Mimi nilibeba soksi tu," Vetle akajitetea upesi. "Mama, usinitazame hivyo."

"Na sweta? Sweta liko rafu ya juu kabatini. Mlipanda kiti?"

"Halikuwa kabatini. Lilikuwa kitandani kwake."

Jorunn alikuwa amelikunja mwenyewe, baada ya mazishi, akapanda kiti mwenyewe, akaliweka rafu ya juu na punje za karafuu mfukoni ili wadudu wasile. Alisimama pale akinusa karafuu. Kisha akainama, akamkumbatia yule mtu wa katikati kwa mkupuo mmoja, suruali, soksi, sweta na chochote kilichoshikana nalo, akampeleka chumbani kwa marehemu, akamsukuma kabatini na kugeuza ufunguo. Akarudi akakunja za watoto bila kuziangalia kama zimetimia. Hakutaka kuona maumbo tena. Hakujua kwamba skafu ya buluu, ambayo ilikuwa ya Eirill, ilikuwa imekwenda kabatini pamoja na sweta.

Aligundua siku ya pili yake, mlimani. Kibanda kilikuwa kimezama theluji hadi madirishani, na waliichimba njia ya mlango wote watatu, wakicheka. Jiko likashika moto. Kamba ya kuanikia juu ya jiko ikajaa soksi. Alikuwa akimvika Eirill atoke kucheza.

"Skafu yako iko wapi?"

"Nilimpa Bibi. Shingo yake ilikuwa wazi."

Kidole cha Jorunn kikasimama kwenye zipu. Alitaka kusema kwamba wafu hawaoni baridi, akaona si neno la kumwambia mtoto juu ya mlima. Akamfunga zipu hadi kidevuni. "Mtu wako hakutimia, basi," akasema, kama utani.

Eirill hakucheka. "Ametimia. Skafu ipo. Ipo kwa Bibi."

Jumapili ilianza na jua la kuumiza macho. Watoto waliteremka kwa skii kilima kidogo mbele ya kibanda, wakapanda kwa ubavu kama kaa, wakateremka tena, na Jorunn alikaa juu ya ngozi ya kondoo barazani akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakujiuliza lile swali. Alifikiri: kumbe naweza.

Karibu na saa ya kula, mwanga ukabadilika. Halikuja wingu. Ni kwamba vivuli viliondoka, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotoka chumbani bila kuaga. Kilima kikapoteza mteremko wake; ardhi na mbingu vikawa shuka moja. Mtu wa bondeni angewaita watoto ndani papo hapo. Jorunn aliona, lakini hakujua alichokiona. Akaenda kwanza nyuma ya nyumba kuchukua kuni.

Alipojaza mikono na kugeuka, kibanda hakikuwapo. Kilikuwa hatua chache tu mbele yake na hakikuwapo. Alitembea hadi akagonga ukuta kwa bega, akaufuata kwa kiganja hadi barazani. Vetle alikuwa amekaa kwenye ngazi akifungua skii.

"Mdogo wako?"

"Skii yake moja ilimchoropoka ikateremka. Ameifuata."

"Wapi?"

Vetle akanyoosha mkono, na weupe ukaumeza kuanzia kwenye glavu.

Kuni zikaanguka. "Eirill!" Jina likatoka kinywani mwake likapotea. Kisha likarudi kutoka upande wa kuni, kisha kutoka juu ya paa, kwa sauti ambayo haikuwa yake sawasawa. "Eirill!" Na tena likarudi, safari hii kutoka pande zote, kama kwamba wanawake wengi walikuwa wamesimama kwenye ukungu wakimwita mtoto, kila mmoja akimvutia kwake.

Chini ya kilima kulikuwa na kijito, na barafu yake ilikuwa nyembamba penye mawe. Kushoto kulikuwa na kilima. Kulia kulikuwa na kijito. Au kinyume chake. Hakuwa na uhakika tena.

Aliingia ndani akatoka na kifuniko cha sufuria na mwiko, akampa Vetle, ambaye sasa alikuwa akilia. "Simama mlangoni upige. Usiache kupiga, nisije nikapotea na mimi. Na usitoke hapo. Hata ukinisikia nakuita jina, usije. Umeelewa? Hata nikikuita jina."

Aliyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake. Alimwona Gunnvor amesimama jikoni, asipoonekana. Alimwona mtoto sakafuni, macho darini, asiyeitika.

Akashuka kutoka barazani hadi theluji ikamfika magotini. Ilimwia vigumu kufungua mdomo. Ilikuwa kama kumtandaza Leiv kwa mikono yake mwenyewe.

"Fulana ya sufu!"

Nyuma yake kifuniko kilipigwa, pa, pa, pa. Upepo ulikuwa umeanza kusota chini chini, ukibeba unga wa theluji. Kisha, kutoka mbali na chini, sauti ndogo isiyo na hofu yoyote:

"Ipo!"

Machozi yalimtoka yakagandia kopeni. Akaielekea sauti. "Suruali ya ndani!"

"Ipo!"

Iko kulia zaidi. Akageuka kidogo. "Soksi!"

"Zipo!"

"Sweta!"

"Lipo!"

Kila neno lilikuwa kama kamba anayoivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine. Kifuniko kilisikika nyuma, kikififia. "Ovaroli!" Ipo. "Viatu!" Na hapo upepo ulivuma, na neno "vipo" likaja limepasuka vipande, hakujua limetoka wapi. Alisimama. Alihisi ardhi inateremka mbele yake, akadhani hapo ndipo, akasogea hatua, akasogea nyingine, na chini ya theluji, karibu sana, alisikia maji yakinong'ona chini ya barafu.

"Skafu!" akaita. Ulimi ulikuwa umezoea mpangilio wa mama mkwe. Neno lilitoka kabla hajakumbuka.

"Ipo."

Haikutoka mbele. Ilitoka nyuma ya bega lake la kushoto, karibu, chini ya sauti ya upepo. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu anayeongea huku ameshika sindano mdomoni na hataki kuulizwa mara mbili.

Jorunn aligeuka, akaacha maji nyuma yake.

"Kofia!" alisema, na hakuita tena, alinong'ona tu.

"Ipo!" Hii ilikuwa ya mtoto, na ilikuwa miguuni pake kabisa.

"Glavu!"

"Zipo!"

Na hapo ndipo alipoiona. Glavu moja nyekundu, imesimama peke yake juu ya theluji, kama mtoto anayejua jibu darasani. Upepo ulikuwa umeshafunika miguu, kifua, karibu uso wote. Bila mkono ule angepita. Au angemkanyaga.

Alimfukua kwa mikono, akamweka kifuani ndani ya koti lake, wakapanda wakiifuata pa, pa, pa ya Vetle, ambaye alipiga hata walipokwisha fika mbele yake, hadi Jorunn alipomshika mkono wenye mwiko. Kilikuwa kimebonyea, kile kifuniko.

Ndani, mbele ya jiko, wakiwa wote watatu ndani ya blanketi moja, vikombe vya kakao mikononi, ndipo Jorunn alipouliza.

"Ulinisikia nikikuita jina?"

"Nilisikia. Ulikuwa kila mahali." Eirill alinusa kakao yake. "Bibi amesema jina linapotea kwenye ukungu. Ukilifuata na wewe unapotea. Nguo hazipotei, umezivaa."

"Uliziitikia zote?"

"Zote nilizovaa."

"Na skafu?"

Mtoto alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua desturi. "Skafu sikuitikia, Mama. Sina skafu. Si nilikwambia nimempa Bibi?"

Vetle aliacha kunywa. Jorunn alimwona akitaka kusema kitu, kisha akameza kile kitu pamoja na kakao. Hakumuuliza. Alikuwa amesikia, au hakusikia, na kwa vyovyote vile Jorunn alihitaji usiku mmoja upite kwanza. Juu yao, kwenye kamba, nguo ndogo zilikuwa zikitoa mvuke, zikigeuka taratibu kwa joto la jiko.

Halvard alifika Jumatatu na skii begani. Alisikia habari ya ukungu akakaa chini. Alisikia habari ya mkono, akainua wake mwenyewe polepole, kama mtu anayejaribu shati la utotoni. "Kumbe," akasema. "Miaka yote ile. Mimi nilidhani ni mama tu na mambo yake." Jorunn alimwambia kila kitu isipokuwa neno moja.

Waliporudi nyumbani mwisho wa wiki, wote wanne, alisubiri hadi Halvard na watoto walipotoka kwenda kurudisha gari la theluji waliloazima kushushia mizigo. Nyumba ilikuwa na jua la alasiri sakafuni. Akaenda chumbani kwa Gunnvor, akageuza ufunguo.

Sweta jekundu lilikuwa pale alipolisukuma, limejikunja juu ya soksi za kijivu, na skafu ya buluu ilikuwa imezungushwa shingoni vizuri kuliko alivyokumbuka. Aliigusa. Ilikuwa kavu, kama sufu iliyokaa wiki nzima kwenye nyumba yenye joto. Alijishangaa kwamba alikuwa ametumaini itakuwa na unyevu.

Hakuichukua. Alilibeba sweta na vyote vilivyokuwa nalo hadi sebuleni, akapiga magoti, akamtandaza mama mkwe wake upande wa jiko, suruali, soksi, sweta, akauinua mkono wa kulia kwa upole. Kisha akaenda kusimama jikoni, mahali ambapo sakafu haionekani, mgongo ameuegemeza kwenye friji.

"Skafu," akasema.

Jiko lilitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Nje, theluji iliporomoka kutoka paani. Jorunn hakuita mara ya pili, kwa sababu yule hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Alisimama tu pale, amekunja mikono, akingoja.